Tega na Teka

Nelvine alikuwa msichana wa kuonekana mgongo. Mgeni akipiga hodi mbele, yeye huyo amekwisha toka kwa mlango wa jikoni, na kinachobaki ni sufuria inayochemka bila mwenyewe. Mama yake, Rodah, alizoea kuwaambia wageni, "Nina binti, ila leo hamtamwona," nao wakacheka, wakanywa chai, wakaenda zao.

Shule aliiacha darasa la sita, baba yake alipofariki na ng'ombe wakakosa mtu wa kuwachunga. Hakulilia hesabu wala jiografia. Kilichomuuma ni kwamba shuleni angalau kulikuwa na mwalimu wa kumlazimisha kuzungumza. Nyumbani, kati ya ng'ombe na majani chai, nani angemlazimisha? Ulimi usiotumiwa hushika kutu kama panga.

Kitu kimoja tu kilimfungua kinywa: vitendawili. Bibi yake alimlea kwavyo, na katika kitendawili Nelvine hakuona haya, maana maneno si yake, ni ya mchezo. Mtu anayetega kitendawili haulizwi habari za nyumbani.

Sasa pale Chepseon palikuwa na duka la Gitonga, na Gitonga alikuwa na binti wa rika la Nelvine, jina lake Muthoni. Ule mwaka wa moshi, majirani walipogeukiana na nyumba zikachomwa, Gitonga alikimbia na watu wake hadi Murang'a. Mambo yalipotulia walirudi, lakini walirudi nusu. Duka lilifunguliwa, sukari ikauzwa, salamu zikajibiwa. Ila Gitonga mwenyewe hakuvuka tena barabara kwenda upande wa mashamba. Muthoni ndiye aliyevuka, kwa kuwa maji ya chemchemi yalikuwa huko.

Nelvine alimtazama msichana huyu akija na mtungi, akingoja foleni peke yake, akiondoka peke yake. Alitamani kumsemesha. Wiki zikapita akitamani. Mwishowe akachukua kopo tupu la mafuta ya kupikia, akatia pera moja ndani, akalificha, kisha akamsogelea Muthoni na kutamka kwa pumzi moja:

"Kitendawili! Ng'ombe wa chuchu moja, hali nyasi, kijiji kizima kinakunywa."

Akakimbia.

Muthoni alibaki ameduwaa. Akaangalia alikokimbilia yule msichana, akaangalia mtungi wake, halafu akaangalia ule mfereji wa chuma uliokuwa ukitiririsha maji ya chemchemi. Akainama. Nyuma ya mfereji, kati ya mawe, kopo. Alilila lile pera pale pale, akatia peremende ndani ya kopo, na kesho yake ikawa zamu yake kulificha na kumtafuta Nelvine.

"Dada, hebu ngoja, usikimbie! Wawili hulala wakitazamana maisha yote na hawajawahi kushikana mikono."

"Kingo za mto," Nelvine alijibu, na hakukimbia.

Ndivyo ulivyoanza mchezo wa kopo. Wasichana wawili wakawa watatu, wakawa kumi. Pale kwenye kibanda cha kupimia majani chai, ambapo watu huweka vikapu chini na kungoja lori la kiwanda saa nzima, wakati mwingine hadi mvua iwakute, kopo likawa dawa ya kungoja. Sharti lilikuwa dogo: ukilipata, chukua kilichomo, weka chako, lifiche upya, na uje na kitendawili cha kuelekeza. Walilitafuta vijana, wakalitafuta akina mama waliobeba watoto mgongoni. Mama Rebeccah, mzee wa kanisa ambaye hakuwahi kucheza hata utotoni, alionekana amepiga magoti kwenye ua wa mtu, na aliyepita akadhani anaomba.

Na kila jioni, baada ya majani kupimwa, Nelvine na Muthoni waliandamana hadi barabarani wakicheka. Rodah akisikia kicheko cha mwanawe kutoka mbali alikuwa akisimama kidogo, jembe mkononi, asikilize vizuri.

Basi siku moja akaja kijana wa gazeti, jina lake Joram, kutoka Nairobi. Alitumwa kuandika kuhusu barabara mbovu inayozamisha malori ya majani. Siku hiyo barabara ilikuwa imekauka na lori lilipita bila shida yoyote, kwa hivyo Joram akawa hana stori. Alipofika kibandani akakuta watu wazima wamezama kichwa ndani ya ua wa michai wakipekua matawi.

"Mnatafuta nini?"

"Kopo," wakamjibu, bila kumtazama.

"Kopo la nini?"

"La kutafuta."

Joram akatoa kalamu. Akauliza ni nani aliyeanzisha jambo hili, na mikono yote ikamwelekea Nelvine, aliyekuwa amefika hapo akitoka kuwakatia ng'ombe nyasi za nepia, panga bado mkononi. Hapakuwa na mlango wa jikoni wa kutorokea. Nyuma yake ni vikapu, mbele yake ni kamera.

"Wewe ndiye mwanzilishi? Hebu nieleze, mnafanyaje?"

Nelvine alitaka kusema kwamba wanatega watu, yaani wanawategea kitendawili, nao watu wanaingia kwenye majani, wanatafuta hadi jioni. Lakini Nelvine ni Mkipsigis, na kinywa cha Mkipsigis hakijali sana kama herufi ni g au k. Hizo ni mapacha, ukimwita mmoja anaitika yeyote. Na akiogopa, huyo k ndiye huwahi mlangoni.

"Tunateka watu," alisema kwa sauti ya kunong'ona. "Wanaingia kwa majani. Wanatafuta mpaka jioni."

Kalamu ya Joram ilisimama. "Mnateka watu?"

"Ndiyo. Hata wazee."

"Na ndani ya makopo mnaweka nini?"

Hapo akina mama wakamsaidia msichana, kila mmoja akitaja alichowahi kukuta: kibanio cha nywele, kitana kilichobaki na meno matatu, matunda damu mawili matamu sana. Joram aliandika haraka haraka, akapiga picha, akashukuru, akaondoka. Watu wakasema, kijana mwenye adabu.

Gazeti likaja siku ya Jumamosi. Juu ya picha ya Nelvine, macho chini na panga mkononi, herufi kubwa zilisema: TUNATEKA WATU, ASEMA MSICHANA WA MAJANI CHAI. Chini yake ilielezwa kwamba kundi la siri linawavuta wakazi vichakani kwa makopo yenye nywele, meno na damu, na kwamba kiongozi wake "alikiri bila kutetereka." Nelvine bila kutetereka! Jioni mtangazaji wa redio akaisoma habari hiyohiyo kwa sauti nzito, ile wanayowekea vifo na ajali, na wote walioikosa gazetini wakaipata.

Ajabu ya neno lililochapishwa ni kwamba humtia hofu hata anayejua ukweli wake. Watu waliolificha kopo kwa mikono yao wenyewe wakaanza kupita mbali na ua. Mama aliyeweka kile kitana, kitana chake mwenyewe, aliuliza kwa wasiwasi, "Lakini meno yalikuwa ya nani?" Na Mama Rebeccah akasimama kanisani Jumapili kuomba eneo litakaswe. Hakusema kwamba kibanio cha nywele ni chake.

Yote hayo Nelvine angeyavumilia. Alizoea kutosalimiwa. Lakini jioni ile ya Jumapili Muthoni alikuja mbio hadi chemchemini bila mtungi, macho mekundu.

"Baba amesoma gazeti. Amelisoma mara mbili, halafu akakaa kimya. Nel, ningefurahi angepiga kelele."

"Amesema nini?"

"Amesema hata ule mwaka mwingine ilianza kwa maneno madogo, watu wakayapuuza. Kesho napelekwa kwa tata, dada yake baba, kule Murang'a. Nikae huko. Si kutembea, ni kukaa." Akajipangusa pua kwa kiganja. "Nimetoroka kukuambia tu. Asinikose."

Akakimbia kurudi. Safari hii ni yeye aliyekimbia.

Nelvine alifika nyumbani akamweleza mama yake, maneno yakitoka vipandevipande. Rodah alisikiliza akikamua.

"Mwambie babake ukweli," alisema.

"Mimi?"

"Gazeti lilisema na wewe, si na mimi."

"Mama, nikifungua mdomo naharibu. Si umeona?"

"Nimeona. Sasa ukiufunga utatengeneza?" Rodah akanyanyua ndoo. "Duka hufunguliwa mapema. Mimi kesho nitawachunga hawa."

Asubuhi ya Jumatatu umande ulikuwa bado juu ya michai Nelvine alipovuka barabara. Dukani alimkuta Mama Rebeccah akinunua sabuni, na wanawake wengine wawili wakingoja unga. Kando ya kaunta palikuwa na begi la nguo lililofungwa kwa kamba, na Muthoni amekaa juu yake kama kuku anayelalia mayai, asitake linyanyuliwe. Gitonga, mtu mzito wa sweta ya kahawia, aliinua macho. Mkono wake ukaacha kupima.

"Unataka nini hapa?"

"Chamgei, Baba Muthoni," alisema Nelvine, na kwa kuchanganyikiwa akasahau kwamba huyo mtu hasemi Kikipsigis.

"Nimekuuliza unataka nini."

"Nimekuja kusema... lile neno la gazeti. Sikusema vile. Nilisema tunateka watu."

Gitonga akapiga kaunta. "Si mnamsikia! Amekuja kurudia mbele yangu!"

"Hapana, Baba Muthoni. Si kuteka. Ni kuteka!"

"Ngai!" alisema Gitonga.

Mama Rebeccah akasogea pembeni na sabuni yake. Muthoni alifunika uso kwa mikono. Nelvine akageuza kichwa. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake na miguu ilikwisha jua njia. Lakini akitoka, begi lile litatoka baada yake. Akafunga macho na kushika kile kitu kimoja alichowahi kukiweza.

"Kitendawili!" alipaza sauti.

Mtu aliyelelewa na vitendawili haulizwi kama yuko tayari. Kinywa hujibu kabla ya kichwa. Duka zima likaitikia, wanawake wa unga, Muthoni, na Gitonga mwenyewe, "Tega!" na juu ya sauti zote, wazi kama kengele ya kanisa, ikasikika ya Mama Rebeccah:

"Teka!"

Gitonga akamgeukia polepole.

"Mama Rebeccah. Umesema nini?"

"Mimi? Nimesema teka."

"Umteke nani?"

"Nimteke nani tena! Mtoto ametoa kitendawili, nimemwambia ateke. Kwani kwenu mnasemaje?"

"Tunasema tega."

"Si ndivyo nilivyosema? Teka!"

Mwanamke mmoja wa unga akaanza kutikisika mabega. Mwenzake akaegemea gunia. Muthoni aliondoa mikono usoni, na Mama Rebeccah, aliyekuwa wa mwisho kuelewa, akatazama sabuni yake, akamtazama Nelvine, kisha akasema kwa sauti ya chini kidogo, "Ai. Kumbe na mimi ni mtekaji."

Wakacheka hadi mizani ikatikisika. Gitonga alijaribu kujizuia, akashindwa, akapangusa jicho kwa kipande cha gazeti la kufungia bidhaa. "Na mimi kwenye harusi ya mpwa wangu niliwaambia wageni waingie ndani, ni wakati wa kura," alikiri, "na mzee mmoja akauliza wagombea ni akina nani." Hapo wanawake wa unga wakaketi chini kabisa.

Lakini kicheko kilipokwisha, begi lilikuwa bado pale. Gitonga alilitazama, uso ukarudi kuwa mzito.

"Neno nimelielewa, msichana," alisema, safari hii kwa upole. "Nakuamini. Lakini hofu haikuja na gazeti. Gazeti liliikuta hapa, imekaa. Mimi nina binti mmoja. Anaingia huko kwa majani, simwoni mpaka jioni. Sijui anapita kwa nani, anakaribishwa na nani. Utaniambia nini kwa hilo?"

Nelvine akasema lile alilokuwa nalo, kile kitendawili ambacho wote walikuwa wamekiitikia na hakikutegwa.

"Bibi kizee alinyolewa, akalia machozi, akawa msichana."

Gitonga akakunja uso. "Ndiyo nini hiyo?"

"Ndipo kopo liliko, Baba Muthoni. Twende ulione. Uone na anakopita."

Mnunuzi akaingia, akaambiwa angoje. Mwisho Gitonga alivua aproni, akavaa mabuti ya mpira, akamwambia Mama Rebeccah, "Nishikie duka, wewe mtekaji, usinitekee wateja," na akavuka barabara.

Walipita njia ya miguu katikati ya michai, Nelvine mbele, Muthoni nyuma. Gitonga alitembea kama mtu anayekanyaga barafu, ingawa hakuwahi kuiona. Lakini kila walipopita, vichwa viliinuka juu ya majani, mikono ikiendelea kuchuma. "Baba Muthoni! Leo umepotea njia?" "Karibu, karibu!" Bibi mmoja alimshika mkono na kukataa kuuachilia hadi amweleze ng'ombe wake amezaa nini. Mwingine alimwita Muthoni "binti yangu" na kumuuliza kama kikohozi kimepona. Gitonga akamgeukia mwanawe. "Ulikuwa na kikohozi?"

"Alinipa asali, baba. Kikaisha."

Gitonga aliendelea kutembea, ila sasa macho yalikuwa yakitazama kando, huku na huku. Ghafla akasimama. "Bibi kizee alinyolewa," alisema. "Chai iliyokatwa! Inakatwa mpaka mifupa, inatoa maji kwenye vidonda, halafu inachipua changa. Si ndiyo?"

"Ndiyo," alisema Nelvine.

Shamba lililokatwa lilikuwa la Kipchirchir, na Kipchirchir mwenyewe alikuwa katikati yake, mtu mrefu mwenye panga kubwa la kupogolea. Gitonga alipoliona lile panga miguu yake iligoma. Muthoni akamshika sweta. Kipchirchir naye akainuka, akawatazama wote watatu, na jasho likimtiririka akasema kwa uchungu:

"Baba Muthoni, usiniambie umekuja kutafuta kopo. Nimelitafuta tangu jana, shamba ni langu, na silioni!"

"Hukusoma gazeti?" Gitonga aliuliza kwa sauti iliyokauka.

"Lile? Wife amelifungia sukumawiki." Akalichomeka panga ardhini na kupangusa mikono kwenye suruali. "Huyu msichana wako ndiye aliyelificha. Ana akili mbaya sana. Njoo tushike mstari huu, wewe upande wako, mimi wangu."

Gitonga alisimama kidogo. Kisha akakunja mikono ya sweta, akainama na kuanza kufunua matawi makavu yaliyokatwa. Wasichana waliwatazama wanaume wawili wakitambaa mstari baada ya mstari wakigombana.

"Hapo nimeshaangalia."

"Uliangalia na macho ama na visigino?"

"Wewe mtu wa duka utanifundisha chai?"

"Inua guu lako kwanza."

Ni Gitonga aliyelipata. Lilikuwa limelala chini ya shina nene, limefunikwa ukoka, na alipiga kelele ambayo mke wake, angekuwa karibu, asingeitambua. Alilifungua. Mlikuwa na kifungo kimoja cha shati, chekundu. Akakigeuza mkononi kwa muda, akamtazama Kipchirchir aliyekuwa amekaa chini akihema, akatazama mashamba, na bintiye aliyekuwa amesimama hapo hathubutu kuuliza.

"Nitapiga simu kwa tata yako," alisema Gitonga. "Nitamwambia asingoje basi." Halafu akaongeza, kwa kuwa baba ni baba, "Lakini jioni nitakuwa nakuja mwenyewe kukuchukua. Nisimame hapo kibandani. Nione."

Muthoni alimrukia Nelvine shingoni hadi wote wawili karibu waanguke juu ya matawi.

Gazeti halikurudi kusahihisha kitu. Huenda hadi leo kuna watu Nairobi wanaoamini kwamba Chepseon watu huliwa na makopo. Joram alipewa stori nyingine, na barabara yenyewe ikaendelea kuzamisha malori kama kawaida.

Jumatatu ile wingu la mchana lilikuwa limeshaanza kukusanyika upande wa msitu, na matone ya kwanza yakawagonga wakiwa bado shambani. Gitonga akatafuta pa kujisitiri. Nyumba ya Rodah ndiyo iliyokuwa karibu, moshi ukitoka jikoni. Kipchirchir alifungua kinywa amkaribishe kwake, lakini hakuwahi.

"Baba Muthoni," alisema Nelvine, "pita nyumbani unywe chai."

Hakikuwa kitendawili. Yalikuwa maneno ya kawaida, yake mwenyewe, na yalipokwisha fika nje ndipo aliposhtuka kuyasikia.

"Iko na maziwa?" aliuliza Gitonga.

"Iko."

"Basi tangulia."

Nelvine akatangulia. Alipiga hatua chache za adabu, kama inavyompasa msichana anayeongoza mgeni, halafu akakumbuka kwamba kuku wa mama yake hulala kwenye kiti kizuri siku za mvua, akatimua mbio ili awahi kuwaondoa.